Aliyekaa Kiti cha Mukai

Kiti cha kwanza cha baa iliyoungua hakikuonyesha jiko. Cha pili nacho hakikuonyesha. Inspekta Tsukuda Kanae alihamia cha tatu, akakifuta masizi kwa gazeti, akaketi na kunyoosha shingo upande wa jikoni. Rafu ya chupa ilimziba. Aliendelea hivyo hivyo kiti baada ya kiti, huku Mkuu Ogino amesimama mlangoni na leso puani, akimtazama kama baba anayesubiri mtoto amalize kubembea.

Kiti cha mwisho tu, kile kilichobanana na ukuta, ndicho kilichomwonyesha jiko la gesi lote, pamoja na sufuria iliyoungua ikiwa bado juu yake.

"Umeridhika?" Ogino aliuliza. "Hirokane alisema alikaa hapo hapo. Akaona mafuta yanafuka moshi, na Mama Setsuyo kalewa, kageuza mgongo, anaimba. Sasa umejionea mwenyewe kwamba mtu akikaa hapo anaona. Unataka shahidi gani zaidi?"

"Mama Setsuyo anasema Hirokane hakukanyaga humu siku hiyo."

"Wewe ungekuwa Mama Setsuyo ungesema nini?"

Zimamoto walikuwa wamesema wazi kuwa moto ulianzia ukuta wa nyuma, na kwamba pale ukutani kulikuwa na vitu viwili vya kulaumiwa: jiko, au nyaya za umeme zilizopita ndani ya mbao. Vyote viwili vimeungua mpaka havisomeki. Kwa hiyo kesi nzima ilining'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja, Bwana Hirokane, ambaye ndiye mwenye majengo yote ya Uchochoro wa Hotaru. Likiandikwa jiko, kosa ni la Mama Setsuyo, mpangaji mwenye baa, na mkataba unampa mwenye nyumba ruhusa ya kuwatoa wapangaji wote na kubomoa. Zikiandikwa nyaya, kosa ni la Hirokane mwenyewe, aliyeombwa azibadilishe na kila akiombwa alijibu mwezi ujao.

"Shahidi wetu ndiye mwenye nyumba," Kanae alisema. "Hilo halikukeri hata kidogo?"

"Kinachonikera ni inspekta wangu kukalia masizi na suruali ya serikali. Ripoti naitaka kesho asubuhi, na usiniandikie riwaya."

Akaondoka. Kanae alimsikia akipiga chafya hadi barabarani, na moyo wake ukapoa kidogo kwa kuipata ile baa peke yake.

Alibaki kwenye kiti cha mwisho na kuitazama kaunta iliyokuwa mbele yake. Baa ya Yugao ilikuwa ndogo kiasi kwamba mteja akipiga chafya, jirani alimwombea afya na jirani wa jirani akampa karatasi ya kupengea. Kwenye rafu zilipangwa chupa za wiski za wateja wa kudumu, kila moja na jina la mwenyewe kwa wino mweupe, zikimsubiri arudi. Kupasuka zilikuwa zimepasuka chache tu. Lakini moja haikuwa rafuni. Ilikuwa hapa kauntani, mbele ya kiti cha mwisho, na kando yake glasi moja na kisahani chenye kitu kilichokauka.

Aliifuta chupa kwa kidole. Mukai.

Kanae alimfahamu Mukai, kama mji wote wa Kuriyado ulivyomfahamu. Alikuwa fundi saa wa mbele ya stesheni, mtu aliyewasalimia wafanyakazi wa Tokyo wakitoka kwenye treni za jioni na kuwaambia saa zao ziko nyuma hata kama haziko. Alikuwa amekufa. Sasa nani alikuwa akinywa wiski ya marehemu siku ya moto?

Jibu la haraka lilikuwa baya, na Kanae hakulipenda. Mwenye funguo za baa ni mmoja, na mwenye ujasiri wa kuteremsha chupa ya mtu mwingine ni huyo huyo. Kama Mama Setsuyo alikuwa akijimiminia wiski ya Mukai, basi alikuwa amelewa kweli, na Hirokane alikuwa amesema kweli.

Hata hivyo alivaa glavu, akainua glasi. Chini yake palikuwa na duara safi, mbao inang'aa. Akainua chupa: duara jingine safi. Akainua kisahani, akakuta vivyo hivyo. Kisha akawasha tochi na kuilaza ubavu, akaikagua kaunta yote kuanzia pale ukutani hadi kiti cha kwanza, polepole, akitafuta duara la nne. Halikuwepo. Masizi yalikuwa yametanda sawasawa kama unga kwenye kibao cha chapati. Akapiga picha, akapiga tena kwa karibu, akatoka.

Mwanzoni mwa uchochoro jiji lilikuwa limebandika tangazo: biashara zote zisimame mpaka uchunguzi uishe. Mtu alikuwa ametundika aproni juu yake. Taa za nje zilikuwa zimezimwa kwa adabu, lakini moshi wa mishikaki ya kuku ulitoka baa ya Genzo, jirani wa Yugao, bila adabu yoyote, na nyuma ya pazia la mlango watu walikuwa wakicheka.

Kanae aliinua pazia. Baa ilikuwa imejaa watu wa treni ya jioni, tai zimelegezwa, mikoba imewekwa chini ya miguu.

"Tumefunga," Genzo alisema, akigeuza mishikaki.

"Naona."

"Hawa ni ndugu zangu."

"Wote?"

"Ukoo wetu mkubwa, Inspekta. Yule pale mwenye miwani ni shemeji. Shemeji, msalimie Inspekta."

Mwenye miwani alisimama, akainama, akakaa. Watu wakacheka tena, lakini macho yao hayakucheka. Kila mmoja alijua kwamba Yugao ikianguka, na kwa Genzo pataanguka, na hapatakuwa na pa kutua kati ya stesheni na kitanda.

Nyuma ya kaunta ya Genzo alisimama Mama Setsuyo, mwanamke aliyepita umri wa makamo, nywele zimetengenezwa, midomo imepakwa rangi nyekundu kama hakuna lililotokea. Alimwekea Kanae kitambaa cha moto cha kufutia mikono kabla hajakaa.

"Kunywa kwanza, ndipo unifunge."

"Niko kazini, Mama."

"Na mimi niko kazini. Ya kwangu imeungua, ndiyo maana nimeazima ya Genzo."

"Nina swali. Nataka jibu lililonyooka."

"Nyoosha swali kwanza."

"Chupa ya Mukai ilikuwa nje ya rafu. Nani alikuwa akiinywa?"

Kicheko kilikatika. Genzo aliacha kugeuza mishikaki. Mama Setsuyo aliiweka chini bilauri aliyokuwa akiifuta.

"Nani alikuwa akiinywa? Mwenyewe!"

"Mukai amekufa, Mama."

"Unaniambia mimi? Mimi ndiye niliyemfumba macho hospitalini wakati ndugu wako njiani. Alhamisi ile ya moto ilikuwa arobaini na tisa yake, siku ya arobaini na tisa tangu afe. Siku roho inapovuka. Tulimwekea chupa yake, glasi yake, na biringanya za chumvi alizokuwa akizipenda. Mahali pake, kiti cha mwisho, ukutani. Wewe ulidhani nini? Kwamba namwibia maiti?"

"Nilidhani hivyo," Kanae alisema. Hakuona sababu ya kuficha. "Arobaini na tisa ya Mukai ilifanywa Jumapili kabla ya moto, hekaluni. Nilipita pale. Nilimwona hata Hirokane na koti jeusi."

"Jumapili ni ya ndugu. Ndugu wana kazi, kwa hiyo wanaiwahisha iangukie mapumziko. Mtawa anasoma, watu wanakula chakula cha boksi, wanatazama saa, wanarudi kwao. Sisemi ni vibaya, nyote mnafanya. Lakini siku yenyewe hasa ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi ni yetu sisi tuliokunywa naye."

"Na mteja mwingine akija, anakalishwa pale?"

Mama Setsuyo alimtazama Genzo. Genzo akamtazama yule shemeji wa uongo.

"Inspekta," Mama alisema, "wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi usiulize kama mgeni. Hata waziri angeingia siku ile, angesimama mlangoni na glasi yake mkononi."

"Kwa nini hukuniambia haya mwanzoni?"

"Hukuuliza! Kila ukija ni jiko, jiko, jiko. Ulitaka nije kituoni nikulilie, nikwambie nimemwekea marehemu glasi, naomba unihurumie? Sifanyi. Lile jiko halikuwashwa kabisa siku ile, chakula kilikuwa baridi. Nimesema mara moja, inatosha. Anayetaka kunifukuza anifukuze nimesimama."

Sauti yake ilipanda mpaka ukutani, na watu wa treni wakaanza kugonga kaunta kwa viganja, taratibu, kumwunga mkono. Kanae aliwaacha wagonge. Hasira ilikuwa imempanda na yeye, ila yake ilimwelekea mtu mwingine.

"Nani alikuwepo?"

"Mimi, Genzo, na Bibi Tomoe, dada wa marehemu. Hatukutaka umati. Tulipomaliza tulimsindikiza Bibi Tomoe hadi njiani, mimi na Genzo, tukainama mpaka akapotea kwenye kona. Kugeuka, moshi."

Genzo aliitikia kwa kichwa. Neno la Genzo, Mkuu Ogino alikuwa ameshalitupa siku ya kwanza: mpangaji anamtetea mpangaji. Kwa maelezo ya Hirokane, Mama alirudi peke yake baada ya kumsindikiza mgeni, naye Hirokane akaingia, akanywa bia, akaona aliyoyaona.

"Hirokane mlimwalika?"

"Nani amwalike?" Genzo alidakia. "Mukai ndiye aliyekuwa akimfuata kuhusu zile nyaya. Hadi siku anapandishwa kwenye gari la wagonjwa, alikuwa akisema mwambieni Hirokane ukuta unanuka."

Kanae alisimama. Mama Setsuyo alimsogezea mshikaki mmoja kwenye kisahani.

"Kula. Hatukulipishi, tumefunga."

Aliula akiwa wima, kwa sababu ulinukia vizuri mno na kwa sababu tangazo la jiji lilikuwa limemchosha. Akawaaga, akavuka njia ya reli.

Duka la Bibi Tomoe liliuza sake, pombe ya mchele, kwa chupa na, kwenye kona yake, kwa kikombe. Hapakuwa na kiti hata kimoja. Mtu alinunua kikombe chake, akafungua kopo la samaki, akasimama kando ya kreti na kuongea na yeyote aliyekuwa pembeni. Mwenye baa ya bei mbaya na mfagia stesheni walisimama hapo bega kwa bega, na hakuna aliyeona ajabu. Hirokane alikuwepo, kama kila jioni, sweta lake la rangi ya maziwa halina hata doa. Kanae angeweza kumwita kituoni. Alikuwa amefikiria hilo njiani, akalikataa.

"Inspekta!" Hirokane alisema kwa uchangamfu. "Karibu tusimame. Umemaliza kuchimba majivu?"

"Bado kidogo. Nataka unirudie maelezo yako."

"Hapa?" Alitupia jicho kaunta, ambako Bibi Tomoe alikuwa akipanga vikombe. "Si nilishayaandikisha kituoni?"

"Uliandikisha ukweli?"

"Bila shaka."

"Basi unaogopa nini?"

Wanywaji wawili watatu waligeuza shingo. Hirokane alicheka, akanyanyua kikombe chake, akakiweka chini bila kunywa.

"Siogopi kitu. Niliingia Yugao. Mama alikuwa peke yake, amelewa, kipaza sauti mkononi. Nikaagiza bia. Nikaona mafuta yanafuka moshi. Nikamwambia, hakunisikia. Nikaona nisigombane na mlevi, nikaondoka. Najuta sasa. Ningelizima mwenyewe."

"Ulikaa wapi?"

"Kiti cha mwisho, ukutani."

Bibi Tomoe aliacha kupanga vikombe.

"Kwa nini pale?" Kanae aliuliza.

"Si kilikuwa kitupu? Zamani alikaa marehemu Mukai. Sasa, Mungu amweke pema, kiti ni kiti."

"Mbele yako kauntani kulikuwa na nini?"

"Bia yangu. Na kisahani cha kukaribishia wageni, saladi ya viazi. Mama Setsuyo huanza na saladi ya viazi miaka yote."

"Kingine?"

"Kingine kipi? Kaunta tupu."

"Bia uliimaliza?"

"Niliiacha nusu. Nimekwambia niliondoka kwa haraka."

Kanae alitoa simu, akafungua picha, akailaza juu ya kreti. Hirokane aliinama kuitazama. Kwanza uso wake haukuelewa, kisha ukaelewa.

"Hiyo ni kaunta mbele ya kiti cha mwisho, kama zimamoto walivyoiacha," Kanae alisema. "Chupa ya Mukai. Glasi ya Mukai. Biringanya za Mukai. Chini ya kila kimoja mbao ni safi, maana yake vilikuwa pale moshi ulipoingia. Bia yako iko wapi?"

"Mama... atakuwa ameiondoa. Ameosha."

"Mlevi asiyeona jiko linawaka ameona glasi yako ya kuosha?"

Mtu mmoja aliguna. Hirokane alijifuta paji la uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mwepesi wa akili, na Kanae alimwona akitafuta mlango mwingine na kuupata.

"Ngoja, nimekumbuka," alisema. "Kweli kulikuwa na chupa na glasi. Nilidhani ni vya mteja aliyetangulia. Nikavisogeza pembeni nipate nafasi. Kisha nilipoondoka nikavirudisha."

Bibi Tomoe alitoka nyuma ya kaunta. Alikuwa mwanamke mfupi, na ilibidi ainue uso kumtazama Hirokane, lakini Hirokane ndiye aliyeonekana mfupi.

"Siku gani hiyo?" Bibi aliuliza.

"Alhamisi, Bibi Tomoe. Siku ya moto."

"Alhamisi ilikuwa arobaini na tisa ya mdogo wangu."

"Ilikuwa Jumapili. Nilikuja hekaluni, Bibi, ulinipokea mwenyewe..."

"Jumapili nilikupokea kwa sababu watoto wa ndugu walikuwa na kazi siku nyingine. Alhamisi ndiyo siku yake. Ile glasi niliiweka mimi, kwa mkono huu. Nilimmiminia, nikamwambia, kunywa Mukai, njia ni ndefu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe ulisoma naye darasa moja. Mlikuwa mkila mchele kwenye sufuria ya mama yetu. Niambie sasa. Uliisogeza glasi ya mdogo wangu, ukaweka bia yako?"

Hakuna aliyekunywa. Hirokane alikizungusha kikombe chake juu ya kreti. Kanae alijua anachopima, na kila aliyekuwa pale alikijua. Akisema ndiyo, maelezo yake yanasimama, na yeye atakuwa mtu aliyesukuma kando glasi ya marehemu siku anayovuka, na ataishi na jina hilo Kuriyado mpaka na yeye awekewe glasi, kama atapatikana wa kumwekea. Akisema hapana, hakuwahi kukaa pale.

Simu ya Kanae ililia juu ya kreti. Ilikuwa Mkuu Ogino, na kama kawaida yake hakungoja salamu.

"Uko wapi? Nimepigiwa kwamba Genzo amefungua na wewe unakula mishikaki! Halafu nisikie tena umemsumbua Hirokane. Yule ni mtu wa heshima hapa mjini, Kanae."

"Niko naye, Mkuu. Ameulizwa swali na hajajibu. Labda wewe atakujibu."

Alimpa Hirokane simu. Hirokane aliipokea kwa mikono miwili, kwa mazoea.

"Bwana Hirokane?" Sauti ya Ogino ilisikika dukani kote. "Samahani sana kwa usumbufu. Ni utaratibu tu. Waambie ulichokiona, waende zao."

Hirokane alikuwa akimtazama Bibi Tomoe. Bibi hakumwondolea macho.

"Sikuigusa," alisema, na hakumwambia Ogino. Kisha akasogeza simu mdomoni. "Sikuona kitu, Mkuu. Sikuwepo. Nilikuwa nyumbani kwangu, nikasikia king'ora kama watu wengine."

Kanae aliichukua simu yake, akaikata mwenyewe. Alikuwa hajawahi kumkatia Mkuu simu. Aliona raha kubwa, na hakujilaumu.

"Na nyaya?" aliuliza.

"Kesho," Hirokane alisema. "Nitakuja kituoni kesho, nitasema yote. Niache leo nirudi nyumbani."

"Nyumbani baadaye," Bibi Tomoe alisema. "Kwanza nenda kamwambie Setsuyo hivyo hivyo ulivyosema hapa. Mbele ya watu."

Hirokane alikitazama kikombe chake kilichojaa. "Haiwezekani usiku huu, Bibi. Uchochoro umefungwa."

"Nani kakwambia?" Bibi Tomoe alivua aproni, akaitupa juu ya kaunta, akamfungulia mlango.